Siku ya Ishirini na Moja

Kisahani cha kwanza sikukipa kitu.
Cha pili nilikipa spiriti tu, ile tuliyolowekea majani.
Cha tatu kikapata majani yenyewe:
tone moja, rangi ya chai ya jana.
Nikafunga kabati la joto, nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa la mtu mzima,
nikaanza kuhesabu siku kama anayengoja mshahara.

Hapa Upanga, ghorofa ya tatu,
umeme ukikatika sishtuliwi na giza.
Nashtuliwa na feni ya kabati kunyamaza.
Nakimbilia jenereta na kandambili zangu,
maana mle ndani mna waashi wasioonekana kwa macho,
wanaojua kazi moja, kujenga mfupa.

Mwilini wanaishi na wenzao, wabomoaji.
Usiku kucha hawa wanavunja, hawa wanaziba,
ndiyo maana asubuhi mtu anasimama.
Uzee ukiingia, wabomoaji wanapita na rangi,
wanapiga X kama zile za Kimara kando ya barabara,
na waashi wamekaa kivulini
wakingoja saruji ambayo haiji.

Majani alitupa Bi Sikudhani Mwinyikondo wa Mbagala Kizuiani,
mganga wa mifupa. Mtajie mapepo, atakufukuza.
Uani kwake wamelala vijana wa bodaboda,
miguu imebanwa kwa vijiti vya mwanzi,
na chini ya vijiti, jani lililotwangwa.
"Kuganga ni gango," aliniambia siku ya kwanza.
"Jani mmechukua. Gango mmemwachia nani?"

Siku ya ishirini na moja tulimwaga rangi.
Penye chokaa inang'ang'ania, pasipo chokaa inaoshwa, inakwenda.
(Zamani, nimesoma, rangi hiyo ilichimbwa mizizini:
mmea ukimtolea ushahidi mmea.)
Kisahani cha kwanza, vidoa vya kuhesabika.
Cha pili, vivyo hivyo.
Cha tatu kilikuwa ukuta aliotemea mla tambuu.
Daktari Mushumbusi alipiga makofi peke yake.

Mara ya pili, wekundu.
Mara ya tatu, hakuna.
Mara ya nne, hakuna.
Wakalaumu spiriti, wakalaumu mgao wa umeme,
wakanifikia mimi.

Nikaenda Mbagala na kisahani mfukoni.
Bi Sikudhani akakigeuza juani.
"Haya yaliyokataa mlichuma lini?"
Mwezi wa tano, nikasema, baada ya mvua.
Yalikuwa mapana, yamenona, yanang'aa.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Jani lililoshiba limgange nani?
Chuma likiwa na kiu."

Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto,
umefungwa mwanzi, kama ya wagonjwa wake.
"Niliinua sufuria," akasema. "Wali wa watu wawili."
Picha ya hospitali ilikuwa chini ya godoro:
mfupa umekuwa mkate wa kumimina, matundu matupu,
mfupa wa aliyeunga nusu ya Mbagala.

Nikamuuliza, kwa aibu, kama huwa anayanywa.
"Miaka thelathini.
Pengine bila hayo ningekuwa unga.
Pengine hayajanifaa kitu.
Mimi sina kisahani cha kwanza, mwanangu,
wala cha pili.
Nina mwili huu mmoja."

Daktari anataka jina la mmea kwenye ripoti.
Fomu ya idhini iko kwa Bi Sikudhani, chini ya godoro,
pamoja na ile picha. Bado hajatia dole.
Kwa hiyo hapa pia sitaliandika.
Kwenye chupa tunaandika S-7.

Leo ni siku ya kumi na tisa,
majani ya Septemba, membamba, yamejikunja kingo.
Feni inavuma.
Mtaa wa pili taa zimeshazimika.
Kandambili nimezivaa.